Maji ni ya Ndama

Ntobeye, Ngara
12 Januari 2025

Mdogo wangu Ndikuriyo,

Marahaba, kwa ile shikamoo uliyoniletea kwa mkono wa Bulugu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Mvua zimetupendelea, maharage yamejaa, na ile migomba ya bondeni uliyopanda kabla ya kuondoka inazaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Mwanangu Clarisse amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, na mume wake anazunguka kijiji kizima akipokea hongera kana kwamba ni yeye aliyezaa. Padri amepata pikipiki mpya na anaiendesha vibaya sana.

Barua yako ya Desemba ilinikuta sokoni Benaco. Nilikuwa nimetandaza ndizi zangu, lori likasimama, dereva akashuka na kuuliza Felisita ni yupi. Nilidhani amegonga mtu wa kwetu. Akasema anaitwa Bulugu, Msukuma wa Kahama, na kwamba barua zako zinaletwa na watu wanaorudi kutoka Uarabuni, yeye anazipokea Dar na kunishushia akielekea Rusumo. Sawa. Lakini mwaka mzima, Ndikuriyo! Mwaka mzima bila simu, tunakuombea kwenye jumuiya kila Jumamosi na hatujui tunamwombea mzima au marehemu. Unasema kampuni imezuia simu. Haya, nimesikia.

Sasa jambo lenyewe. Fabrice amepata kazi huko huko Uarabuni. Amechoka kubeba mizigo ya watu pale forodhani Rusumo, anasema mgongo wake unatajirisha wengine. Wakala mmoja wa Mwanza amemtafutia nafasi ya kusaidia mafundi wa ujenzi. Amepimwa afya, amefaulu, pasipoti anaisubiri. Ataondoka mwezi wa tano. Unajua tangu mume wangu Fideli afariki, wewe ndiye baba wa huyu mtoto. Anatembea kama wewe, anacheka kama wewe, hata ubishi ameurithi kwako wala si kwa marehemu. Mimi nikimwambia neno ananijibu, "Mama, wewe umefika wapi?" Nimefika Biharamulo, tena kwa sababu ya jino.

Kwa hiyo nakuomba uandike kila kitu. Avae nini, ale nini, aogope nini. Usimfiche jambo. Wewe ndiye anayekusikia.

Dada yako,
Felisita


Uarabuni
9 Februari 2025

Dada Felisita,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, hasa za migomba. Mpe Clarisse hongera, na mume wake mwambie apumzike, uzazi unachosha. Mimi mzima kabisa, kazi inaendelea, Mungu anasaidia.

Fabrice akae chini, asome haya mara mbili.

Aanze na karatasi. Mkataba ausome kabla hajaweka sahihi, na kama umeandikwa kwa Kiarabu kitupu atafute wa kumsomea, hata akimfuata shehe wa Biharamulo mjini. Atoe nakala ya kila kitu, moja aiache kwako, nyingine aishone ndani ya begi. Wakimwomba pasipoti "wamtunzie", ajue hiyo ni yake na si yao. Namba ya ubalozi wetu aiandike mahali ambapo hakuna mtu atakayeichukua, hata kwenye ukosi wa shati.

Joto la huku si lile jua la Benaco la saa saba. Ukifungua mlango ni kama umefunua sufuria ya ugali na uso umeuweka juu yake. Maji ya bomba mchana yanaunguza kwa sababu matangi yako juu ya paa, kwa hiyo ndoo ya kuoga huchotwa usiku na kuachwa ndani ipoe. Shati liwe la pamba, la mikono mirefu. Ataona vijana wamevua mashati, asiwaige, kesho yake ngozi inatoka kama ya viazi. Viatu anunue namba moja zaidi, miguu huvimba. Awe na kitambaa cha kulowesha na kufunga shingoni.

Tena abebe blanketi. Msicheke. Vyumbani kuna viyoyozi vinavyovuma usiku kucha, mtu anatoka motoni anaingia kwenye baridi ya mlima akiwa na jasho, na wiki ya kwanza chumba kizima kinakohoa. Wiki mbili za mwanzo asishindane na mtu kubeba. Mwili hujifunza joto polepole, kama ng'ombe mgeni anavyojifunza zizi. Asipige picha ovyo, wanawake wa watu na majengo ya serikali hasa. Mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe barabarani mchana, aingie ndani. Salamu kwa mkono wa kulia. Pombe asiiguse wala asiulizie.

Na anywe maji. Asingoje kiu. Kila nusu saa, mbele ya mtu yeyote.

Mdogo wako,
Ndikuriyo


Ntobeye
23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Mtoto wa Clarisse amebatizwa Odeta, jina la bibi yake wa upande wa baba, nami sikuulizwa. Nyani wameingia kwenye mahindi. Tumeweka zamu ya kulinda, na zamu ya Fabrice ndiyo wanayoipenda nyani, maana analala.

Barua yako aliisoma uani kwa sauti, binamu zake wote wakiwa wamekaa. Ya karatasi walisikiliza. Ya blanketi walicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Alipofika kwenye maji akarudia mstari, kisha akaweka karatasi chini. "Mjomba amekuwa ndama!" Vijana wakagaragara.

Unajua ameyatoa wapi. Siku ya mahari ya Clarisse alikuwa na miaka kumi na miwili, akaomba maji mbele ya wakwe, nawe ukamnyang'anya kikombe. Ulisema: "Maji ni ya ndama na ya watoto. Mwanamume akionekana anakunywa maji, watu watauliza kwake kumekosekana nini." Baba yetu alitoka na neno hilo Burundi akakufundisha wewe, nawe ukamfundisha yeye. Tangu siku hiyo sijamwona Fabrice akinywa maji mbele za watu. Analima kutwa, jioni anavuta pombe ya rubisi kwa mrija pamoja na wenzake, basi. Nikimwekea maji mezani anayatazama kama dawa ya minyoo.

Kama hili la maji ni kubwa, basi lisemee vizuri. "Anywe maji" ni neno la nesi, halifanani na wewe. Mwambie sababu.

Nampa Bulugu maparachichi kumi na mawili ya mti wa nyuma ya jiko akupelekee. Sijui uwanja wa ndege wana sheria gani.

Felisita


Uarabuni
16 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Maparachichi yamefika yote kumi na mawili, yakiwa bado magumu. Tumeyafukia kwenye unga yaive. Asante sana, yamenikumbusha mbali. Nyani wafungieni debe la mawe kwenye kamba, Baba alikuwa anafanya hivyo. Mimi sijambo, mwili tu una uchovu kidogo.

Nimpe Fabrice kisa, maana nakumbuka vijana hawasikii mpaka uwape kisa. Hapa kambini palikuwa na mtu mmoja wa kwetu, wa milimani kama sisi. Simtaji. Alikuwa na nguvu, nondo ambazo wengine walibeba wawili yeye alibeba peke yake na kupanda nazo. Alikuwa pia na adabu ile ya kwetu. Kila asubuhi msimamizi aligawa chupa nne za maji kwa kila mtu, bure, na yeye alizigawa zote kwa Wanepali. Walimwita bosi. Alijiona mkubwa kwelikweli.

Sasa hesabuni wenyewe. Mtu asiyekunywa maji, katika nchi ambayo rubisi hakuna, anabaki na nini? Alibaki na chai ya rangi asubuhi na soda jioni. Choo kilikuwa chini, ghorofa sita, naye akafurahi kwamba haendi. Mkojo ukawa na rangi ya ile chai. Akaona ni joto tu. Mgongo ukauma, akaona ni nondo. Miaka miwili aliishi hivyo, hadi siku moja ya mwezi wa nane akaanguka na chuma begani. Figo. Sasa hafai kwa kazi yoyote, kupanda ngazi tatu anapumzika mara mbili.

Kisa chenyewe ndicho hicho. Fabrice asipuuze.

Ndikuriyo


Ntobeye
6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Debe la mawe limesaidia, nyani wamehamia kwa jirani na sasa jirani hatusalimii. Masika imeanza kwa nguvu, barabara ya bondeni imekatika. Pasipoti ya Fabrice imetoka. Safari ni tarehe kumi na nane Mei.

Kisa chako nilimsomea mwenyewe, sikumpa karatasi, nilitaka kuona uso wake. Alisikiliza vizuri. Nikaona ameinamisha kichwa, nikasema moyoni leo limeingia. Kisha akasema, nakuandikia neno kwa neno: "Mama, huyo alikuwa mlegevu. Mjomba yuko huko miaka minne, na hanywi, na hajaanguka."

Umeona ulipomfikisha? Wewe ndiye ushahidi wake. Kila nikimwambia maji, ananitajia Mjomba. Nikisema figo, Mjomba. Juzi aliporudi kutoka Rusumo amebeba magunia kutwa nilimchungulia, midomo imekauka, imepasuka. Nikaweka kikombe karibu naye. Palikuwa na wageni wawili. Akakisukuma kwa kidole kidogo, taratibu, wasione.

Niambie jina la huyo mtu aliyeanguka. Jina tu. Nikiwa na jina, na kwao wapi, nitajua la kumwambia mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nasema tu.

Felisita


Uarabuni
20 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Nawasalimu wote. Mwandiko huu si wangu, nimemwomba rafiki aniandikie. Vidole vimevimba kidogo, ni kazi.

Jina halitasaidia. Mtu mwenyewe hapendi kutajwa, ana watu wake nyumbani.

Nimefikiri sana na naona Fabrice asije kabisa. Nafasi hiyo aiache. Amwambie wakala anaumwa, au amefiwa, atafute neno. Abaki Rusumo, akilima na kubeba mizigo atakula. Mimi ni mjomba wake, sihitaji kueleza kila kitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwambie nimekataa.

Ndikuriyo


Ntobeye
4 Mei 2025

Ndikuriyo,

Marahaba. Tu wazima. Mtoto wa Clarisse alikuwa anaharisha, amepona. Maharage ya pili yameliwa na mvua.

Katazo lako nimelifikisha, na nimejuta. Jioni ile Fabrice akaniambia, "Mjomba hataki nipate alichokipata yeye." Ndiyo anavyofikiri sasa, kwamba unamwonea wivu. Nilimzaba kofi, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, na halikusaidia kitu.

Jana tulimfanyia sherehe ya kumuaga. Nisingeifanya watu wangesema nimemfukuza. Mitungi minne ya rubisi, mbuzi mmoja, kwaya ya kigango. Alisimama kuhutubia, amevaa lile koti lako la kijivu. Alisema anakwenda kufanya kazi kama mwanamume wa nyumba hii, na kwamba alifundishwa na mjomba wake tangu mdogo kuwa maji ni ya ndama. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mzee Niyokwizera, na meno yake mawili, akapaza sauti: "Huyu kweri ni wa kwetu!" Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nimeshika sinia la nyama, nikaendelea kulishika hadi Clarisse akaja kuninyang'anya.

Nilikuuliza jina. Nakuuliza tena. Bado siku kumi na nne, na Bulugu anapita kila wiki. Naogopa, Ndikuriyo. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Felisita


Kaniha, Biharamulo
11 Mei 2025

Dada Felisita,

Shikamoo. Soma mahali nilipoandika hapo juu, halafu kaa chini.

Sipo Uarabuni. Nilirudi Machi ya mwaka jana. Niko Kaniha kwa Elick, Msubi wa huku niliyelala naye chumba kimoja kambini. Yeye na mke wake Jovitha wamenipa chumba walichokuwa wanahifadhia mahindi. Kutoka hapa hadi kwako ni safari ya nusu siku. Kwa miezi kumi na minne nimekuwa nusu siku kutoka kwako, na barua nampa Bulugu akilaza lori hapa karibu, Lusahunga. Simu ilikuwapo, ya Elick. Niliogopa utaona namba ni ya hapa hapa.

Yule mtu ni mimi. Chupa nilizigawa mimi na bosi niliitwa mimi. Nilipozinduka hospitalini, daktari wa Kihindi aliniuliza kwa siku nilikuwa nakunywa maji kiasi gani. Mkalimani akatafsiri. Nikajibu kwa fahari, dada, nimelala pale na mipira puani nikajibu kwa fahari kwamba mimi sinywi maji. Daktari akamgeukia mkalimani, akidhani amekosea kutafsiri. Waliniuguza miezi saba, halafu wakanirudisha.

Figo zote mbili zimekufa sehemu kubwa. Daktari wa hapa nchini amesema hivyo hivyo. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Nimekatazwa maharage, ndizi na parachichi, yaani chakula chote cha mama yetu. Maparachichi yako waliyala watoto wa Elick, mimi niliyanusa. Na maji ndiyo usiseme. Sasa ndiyo nayataka, nayaota, na nimepimiwa vikombe viwili kwa siku, kwa kuwa mwili hauwezi tena kuyatoa. Jovitha anaufungia mtungi kabatini maana haniamini. "Shemeji, cha jioni bado," ananiambia, kama anavyomwambia mtoto. Mimi, mtoto wa Baba, namlilia mke wa mtu anipe maji.

Utaniuliza kwa nini sikuja nyumbani. Niliondoka kwa ngoma. Nilisema nitarudi kwa miguu yangu na bati za nyumba yako kwenye gari. Nisingeweza kuteremshwa pale nimeshikwa makwapa, watu waulize nimefanywa nini, nami nijibu kwamba sikufanywa na mtu, nilijifanya mwenyewe kwa kuona aibu ya kikombe. Nilidhani nitamfundisha Fabrice bila kujitaja. Nimejaribu kila njia, mwishowe hata kumkataza. Anasema mimi sijaanguka. Mwambie nimeanguka.

Msomee barua hii uani, mbele ya binamu zake, kama alivyosoma ile ya blanketi. Wacheke wakitaka. Aibu nibaki nayo mimi, yeye abaki na figo zake. Akishasikia, akitaka kwenda aende, ila aende akijua. Nimeshika simu ya Elick mara tatu ili nimpigie. Ikianza kuita nakata. Kuandika naweza, kusema siwezi.

Nisamehe.

Ndikuriyo


Ntobeye
27 Mei 2025

Ndikuriyo,

Barua yako niliipata Jumamosi tarehe ishirini na nne. Gia ya lori la Bulugu ilikufa Lusahunga, likakaa siku kumi, na barua ikiwa ndani ya droo yake. Fabrice aliondoka tarehe kumi na nane kama ilivyopangwa.

Usimlaumu Bulugu, wala usijilaumu peke yako. Nami nina langu na nitalisema lote.

Nilijua. Ile barua yako ya Februari uliiandika tarehe tisa, nami niliipata tarehe kumi na mbili. Siku tatu kutoka Uarabuni, kwa mikono ya wasafiri! Nikaanza kuwaza. Ndiyo maana nikatuma maparachichi. Mtu akipewa maparachichi ya kupeleka Uarabuni atacheka, au atakataa. Bulugu aliyapanga kwenye kiti cha abiria akaniambia, "Usijali Mama, kesho kutwa anayo." Nikamuuliza, kesho kutwa wapi? Akakosa pa kutazama. Nilimshika shati pale pale sokoni mpaka akataja Kaniha, na kwamba ni mgonjwa. Uliponiandikia kisa cha mtu aliyeanguka, sikuhitaji jina. Nilikuwa nalo.

Nikanyamaza. Nilisema moyoni, huyu ni mwanamume, ana aibu yake, ataitoa mwenyewe akiwa tayari. Nikawa nakuuliza jina, nakuuliza jina, kama mwalimu anayemlazimisha mtoto aseme jibu lililo ubaoni. Kila mara Fabrice aliposema "Mjomba hajaanguka" nilikuwa na jibu mdomoni, na nililimeza. Nilishika sinia la nyama na jibu nikiwa nalo. Heshima yako niliilinda mimi, Ndikuriyo, na nimeilipia kwa mwanangu.

Alipiga Jumapili kwa simu ya mwenzake. Alikuwa na furaha. Kazi wanaanza saa kumi alfajiri, chumba chao ni watu wanane, na kweli blanketi lilihitajika. Juzi watatu walizimia. Yeye hajambo. Chupa zake, akasema huku anacheka, anampa Mnepali mmoja, na huyo Mnepali anamwita yeye bosi.

Nikamwambia asikate. Nikachukua barua yako nikamsomea yote, tangu Kaniha hadi nisamehe. Kwenye vikombe viwili nilirudia mstari, nikaendelea. Nilipomaliza akauliza, "Mama, ulijua tangu lini?"

Nikasema Februari.

"Na ukanifanyia sherehe."

Nikamwambia, baba, kunywa maji, nakuomba, nakupigia magoti hapa nilipo. Akasema sauti yake ikiwa ndogo, ile ya utotoni: "Mlinidanganya wote wawili kwa karatasi miezi mitano. Hata hii siwezi kujua kama hukuitunga ili nirudi. Mjomba ana mdomo. Kama ni kweli, aniambie kwa mdomo wake." Akakata. Jana nilipiga mara sita, mwenye simu akasema Fabrice hataki kuongea.

Bulugu anageuza leo kutoka Rusumo, karatasi hii utaipata kesho asubuhi. Nyuma nimeandika namba. Mwenye simu anaitwa Pancras, wa Bukoba, na wanarudi chumbani saa kumi na mbili jioni. Mimi nakuja Jumamosi na basi kukuchukua, chumba cha Fabrice nimekifagia, utateremshwa mbele ya watu wote na atakayeuliza nitamjibu mimi. Lakini usiningoje mimi. Waombe Elick na Jovitha wakae kando yako, mmoja kila upande, wakuzuie usikate.

Mwambie ulikojoa rangi gani. Mwambie vikombe ni viwili na nani anafunga kabati. Mpe sauti hiyo hiyo uliyonayo sasa, ya mtu anayehema, aisikie. Salamu utampa siku nyingine.

Felisita